Bembezi na Umeme wa Kichwani

Shikamooni wazee wangu. Shikamooni mama zangu. Vijana, habari za jioni. Nawashukuru mlionialika, na nawashukuru zaidi nyinyi mliokuja, kwa sababu najua Jumamosi saa hizi Tanga ina baraza zake na kahawa zake.

Kazi yangu ni kupima umeme wa ubongo. Daktari akimwandikia mtu kipimo cha EEG, mimi ndiye ninayempokea. Nampima kichwa kwa futi kama ile ya fundi cherehani, nagawanya nywele, namtia dawa nzito kama uji wa muhogo, nambandika nyaya 21, kisha nakaa mbele ya skrini naangalia mistari inavyokwenda. Nimeifanya kazi hii miaka 14. Wengi wanaokuja kwangu ni watoto, na wengi wa watoto hao wana kifafa.

Mwaka jana alikuja mama mmoja na mwanawe wa miaka minane. Mtoto alikuwa na jeraha bichi juu ya jicho. Alikuwa ameangukia kizingiti. Nikauliza anatumia dawa gani, kama tunavyomuuliza kila mtu. Mama akanyamaza. Akatoa simu mkobani, akafungua faili, akaniwekea sikioni. Nikasikia mvumo kama wa jenereta iliyo mbali, na ndani ya mvumo kitu kinapwita taratibu. Alikuwa ameuziwa faili sita za namna ile. Muuzaji alimwambia zinarekebisha mawimbi ya ubongo, na kwamba vidonge na sauti haviendi pamoja. Basi akaacha vidonge. Wiki saba. Katika wiki hizo mtoto alianguka mara tisa, na mama alikuwa ameandika zote daftarini, tarehe na saa, kwa sababu muuzaji alimwagiza ahesabu zinavyopungua.

Mama yule simlaumu. Amehangaika na mwanawe miaka mitatu, amechoka na nenda-rudi, mtu akamjia na maneno ya kitaalamu na sauti ya upole. Hasira yangu ni kwa aliyemwambia aache vidonge, na hasira hiyo ndiyo iliyonileta mbele yenu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao milioni 50 duniani wana kifafa, na kwamba hadi asilimia 70 yao wangeweza kuishi bila kuanguka kama wangepimwa na kutibiwa inavyotakiwa. Wala hatuhitaji kwenda mbali kulithibitisha. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, kule Mahenge, daktari kijana kutoka Norway, Louise Jilek-Aall, alifungua kliniki ya kifafa katikati ya jamii iliyokuwa ikiwatenga wagonjwa kwa kuogopa kwamba mate yao yanaambukiza. Vidonge vya bei ndogo viliwarudisha wengi shambani na jikoni.

Nilitaka nimwambie mama yule kwamba sauti haina lolote. Nikajizuia, maana ningekuwa nimesema uongo. Sauti ina jambo lake. Kila siku ya kazi naiona ikiingia kwenye mistari yangu. Kwa hiyo leo nimekuja kusema kwa kirefu kile nilichoshindwa kumweleza mama yule kwa dakika kumi, huku foleni inasubiri mlangoni.

Tuanze na umeme wenyewe. Seli za neva zinazungumza kwa umeme. Zikiwa nyingi, zikapanda na kushuka pamoja, mvumo wake unapenya fuvu na ngozi, lakini ukifika juu ya kichwa umebaki kidogo mno. Kwa mtu mzima aliyefumba macho ni kama sehemu 50 za milioni moja ya volti. Betri moja ya tochi, ile ya volti 1.5, inauzidi umeme huo mara 30,000. Ndiyo maana ukisaga meno tu chumbani kwangu, mistari yote inachafuka.

Mtu wa kwanza kuunasa kwa binadamu ni Hans Berger, daktari wa magonjwa ya akili katika mji wa Jena, Ujerumani, mwaka 1924. Alikaa miaka mitano anarudia na kurudia, akimpima hata mwanawe Klaus mara nyingi, ndipo akachapisha mwaka 1929. Wenzake wengi hawakuamini. Walidhani ni mashine inatetemeka. Mwaka 1934 Edgar Adrian na Bryan Matthews wa Cambridge walipopata kitu kilekile, ubishi ukaisha.

Wimbi alilolipa Berger herufi ya kwanza ya Kigiriki, alfa, ndilo ninalolipenda kuliko yote. Linapanda na kushuka mara 8 hadi 13 kwa sekunde. Mwambie mgonjwa afumbe macho atulie: mara nyingi, sekunde moja au mbili, nyuma ya kichwa panatokea mistari mizuri iliyopangana kama mkeka wa ukili. Mwambie afumbue: inakatika. Afumbe tena, ukamwambie atoe saba kwenye mia, halafu saba tena, halafu saba tena: inafifia. Beta ni ya haraka kuliko alfa, theta ni ya polepole, ya kusinzia, na delta ni mawimbi makubwa mazito ya usingizi mzito. Mengine mtayakuta vitabuni.

Sasa biashara inaingia hapa. Muuzaji anasema: mtu aliyetulia ana alfa, kwa hiyo nikikutilia alfa utatulia. Aliyelala ana delta, kwa hiyo nikikutilia delta utalala. Ukiisikia kwa mara ya kwanza inaingia akilini kabisa. Mimi mwenyewe mwaka wangu wa kwanza kazini niliiamini. Kisha siku moja niliitwa chumba cha wagonjwa mahututi kumpima mtu ambaye moyo wake ulisimama, ukarudishwa, lakini hakuamka. Nikaunganisha nyaya, nikawasha mashine, na alfa ikatokea. Kichwa kizima. Nilimwangalia usoni nikidhani atafumbua macho. Daktari akaniambia kwa sauti ya chini kwamba hali hiyo inajulikana, inaitwa koma ya alfa, na kwamba mawimbi yale, yasiyobadilika hata ukimwita au ukimfinya, yalikuwa dalili mbaya. Tangu siku hiyo nikiona mtu amechora jedwali, upande huu wimbi, upande huu hali ya moyo, namkumbuka mgonjwa yule. Wimbi linakuja pamoja na hali fulani. Kulileta wimbi hakuileti hali.

Turudi kwenye sauti. Sikio la binadamu halisikii mtetemo wa mara 10 kwa sekunde kama noti. Tunaanza kusikia noti karibu na 20. Basi hao wenye faili wanaiingizaje alfa masikioni? Naomba ndugu yetu mpiga udi asogee.

Mnajua nyuzi za udi zimekaa jozi jozi. Nimemwomba alegeze kidogo uzi mmoja wa jozi hii. Pigia. Mnasikia? Wau, wau, wau, wau. Uzi mmoja unapiga, tuseme, mara 220 kwa sekunde, mwenzake 222. Kuna nukta zinakwenda pamoja, sauti inajaa. Kuna nukta zinapishana, sauti inanywea. Inajaa na kunywea mara mbili kwa sekunde, ambayo ndiyo tofauti ya 220 na 222. Tuyaite mapwito. Sasa kaza, taratibu. Mnasikia yanavyochelewa? Wau… wau… na sasa yamekufa. Hapo udi umekaa. Wapiga udi wa Unguja, Mombasa na hapa kwetu wanaulinganisha kwa kuyasikiliza mapwito hayo, hata wasipoyaita kwa jina lolote.

Karibu na mwaka 1840, Mjerumani Heinrich Wilhelm Dove aligundua jambo la ajabu. Ukiipeleka sauti moja sikio la kushoto tu, na ya pili sikio la kulia tu, zisikutane kabisa hewani, bado mtu anasikia mapwito. Yanatoka wapi? Yanaundwa ndani, kwenye shina la ubongo, mahali habari za masikio mawili zinapokutana kwa mara ya kwanza. Kushoto 400, kulia 410, na kichwani kunapwita mara 10 kwa sekunde. Sauti zikiwa nyembamba sana, zaidi ya 1,000 hivi, mapwito yanapotea. Na bila hedifoni hakuna kitu cha namna hii, kwa hiyo anayekuuzia faili hizi uzipige kwenye spika sebuleni hajui hata anachouza.

Kwa zaidi ya miaka mia moja lilikuwa jambo la maabara tu. Mwaka 1973 Gerald Oster aliliandikia makala iliyosomwa na wengi Marekani, na miaka hiyohiyo Robert Monroe, mtu wa redio wa Virginia, akaanza kulitumia kuwapeleka watu, kwa maneno yake, nje ya miili yao. Vijana, ile hati ya jeshi la Marekani ya mwaka 1983 mnayotumiana WhatsApp inahusu mafunzo ya Monroe. Ni hati ya kweli. Iliandikwa na afisa mmoja aliyetumwa kuyaeleza, na ndani yake amechanganya fizikia, tafakuri na dhana zake mwenyewe. Ukiisoma yote utaona hakuna mahali mtu alipimwa akathibitika kutoka mwilini. Muhuri wa serikali juu ya karatasi haugeuzi dhana kuwa kipimo.

Je, ubongo unafuata mdundo? Unafuata, na kuna watoto wanaonufaika. Kipo kipimo cha kusikia kwa mtoto mchanga ambaye hawezi kuinua mkono kusema nimesikia. Mtoto akiwa amelala, anapigiwa sauti inayotetemeka mara 80 au 90 kwa sekunde, na mashine inatafuta kwenye umeme wa kichwa kama kuna kinachotetemeka mara hizohizo. Kikiwepo, anasikia. Robert Galambos na wenzake walionyesha mwaka 1981 kwamba kwa mtu mzima aliye macho jibu hilo lina nguvu hasa kwenye 40. Lakini sasa mfikirie yule mtoto mchanga. Ubongo wake umeufuata mdundo wa 80 kwa utiifu kabisa, na yeye amelala fofofo. Hakuchangamka, hakuogopa, wala hakupata werevu. Kufuata mdundo ni kazi ya njia ya sauti. Hali ya nafsi ni kubwa kuliko hiyo njia.

Jicho lina nguvu zaidi. Chumbani kwangu tuna taa ya kumulika na kuzima, tunaitumia kupima kifafa kinachoamshwa na mwanga, na mara nyingi naona nyuma ya kichwa mistari inaifuata taa pigo kwa pigo. Desemba 1997 huko Japani katuni ya Pokémon ilionyesha nyekundu na bluu zikipishana mara 12 kwa sekunde, na watoto zaidi ya 600 wakapelekwa hospitali usiku mmoja. Mwanga unaweza hayo. Kwa sauti, kifafa kinachoamshwa na muziki kipo, Macdonald Critchley wa London alikieleza mwaka 1937, lakini ni nadra sana.

Na mapwito ya hedifoni? Mwaka 2020 watafiti wa Montreal waliyalinganisha na mapwito ya kawaida, kama haya ya udi tuliyoyasikia sasa hivi. Yote mawili yalionekana kwenye umeme wa ubongo, ila yale ya kawaida yaliingia kwa nguvu zaidi kuliko ya hedifoni. Na hakuna kati ya hayo mawili yaliyobadilisha hisia za waliosikiliza. Mwaka 2023 ukatoka uchambuzi wa tafiti 14 zilizopima kama ubongo kweli unayafuata mapwito ya masikio mawili: tano zilisema ndiyo, nane zilisema la, moja ikakaa katikati. Hivyo ndivyo mambo yalivyo, na mtu anayekuandikia «imethibitishwa kisayansi» anajua au hajui hayo. Yote mawili ni mabaya.

Nitende haki lakini. Mwaka 2005 Uingereza, wagonjwa 108 waliokuwa wakingoja kupasuliwa waligawanywa makundi matatu. Hofu ya waliosikiliza muziki wenye mapwito ilishuka kwa asilimia 26.3, ya waliosikiliza muziki uleule bila mapwito asilimia 11.1, na ya waliongoja bila chochote asilimia 3.8. Si kitu kidogo hicho. Aliyewahi kulala kwenye kitanda cha magurudumu akingoja kuitwa anajua thamani ya hofu kushuka hata robo. Waliulizwa wanavyojisikia, mawimbi yao hayakupimwa, kwa hiyo hatuwezi kusema ni ubongo ulifuata mdundo. Lakini walitulia, na mtu aliyetulia ametulia. Mama yule aliponiuliza kama afute faili zake nilimwambia: ukizipenda, sikiliza mwenyewe usiku ukimaliza kazi. Mtoto mpe vidonge.

Kijana pale nyuma ameinua mkono. Anauliza habari za sauti za mitetemo 432 na 528 kwa sekunde, zile zinazosifiwa kuwa ni tiba. Mwanangu, 440 inayotumika kulinganisha vyombo ni makubaliano ya watu. Yalifanyika London mwaka 1939, ili vyombo vya nchi mbalimbali vikikutana visigombane. 432 ni chini yake kidogo, ukiupenda muziki ulioshushwa, upende. Hiyo 528 wanayosema inatengeneza vinasaba, sauti haifanyi kazi hiyo. Na wale wa mdundo wa 40 kwa ajili ya ugonjwa wa kusahau wa uzeeni: kuna maabara ya Li-Huei Tsai kule chuo cha MIT, Marekani, ilitangaza mwaka 2016 kwamba mwanga unaomulika na kuzima mara 40 kwa sekunde ulipunguza uchafu wa ugonjwa huo kwenye ubongo wa panya, na mwaka 2019 ikasema sauti pia inafanya hivyo. Mwaka 2023 maabara nyingine, ya New York, ilijaribu mwanga huo kwa panya isione matokeo hayo. Watu wanaendelea kujaribiwa. Bibi yako asichezewe kwa sasa.

Sasa nifike ninapotaka kufika.

Hong-Viet Ngo, Jan Born na wenzao, Ujerumani, mwaka 2013, waliwafundisha watu 11 maneno jozi jozi jioni, kisha wakawalaza wakiwa na nyaya. Katika usingizi mzito yale mawimbi makubwa yanapanda na kushuka chini ya mara moja kwa sekunde. Mashine ilikuwa inayaangalia. Kila wimbi lilipokuwa linapanda, palepale, ilitoa mvumo mfupi wa chini, kama mtu anasema «shh». Mawimbi yakakua, yakapangana. Asubuhi walikumbuka maneno mengi zaidi kuliko usiku waliolala bila sauti. Kisha watafiti wakafanya jambo la busara sana: wakatoa sauti zilezile, ila bila kungoja wimbi lipande. Faida haikuonekana.

Hiyo ni bembea. Nani hajamsukuma mtoto kwenye bembea ya kamba chini ya mwembe? Unangoja irudi. Unaingoja ifike mwisho, ikikaribia kuondoka ndipo unaigusa, kwa kidole tu, na inakwenda juu. Ukiisukuma inapokujia unaumiza mkono na mtoto analia. Faili la kwenye simu linasukuma huku limefumba macho. Halijui kama wewe unakwenda au unarudi, kama umelala, kama umemkumbuka marehemu mama yako, kama una homa. Saa sita usiku na saa kumi na mbili asubuhi linakupa kitu kilekile.

Na Kiswahili chetu kilishaviweka pamoja. Bembea, kubembea, kubembeleza, bembezi. Mwangalieni mama anayebembeleza mtoto. Kwanza anaimba kwa sauti inayolingana na kilio, karibu na kasi ya kilio chenyewe. Mtoto akipunguza, naye anapunguza. Macho yakiwa mazito, maneno yanaanguka moja moja hadi inabaki mm, mm. Mtoto akishtuka, mama anapanda tena kidogo, anamfuata alipo, anamrudisha. Mashine ya Ujerumani ilihitaji nyaya na kompyuta kufanya sehemu ndogo ya kazi hiyo.

Niseme pia juu ya ngoma, maana najua kuna mtu anangoja nizitaje. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Mmarekani Andrew Neher aliwapigia ngoma watu waliofungwa nyaya, akaona mapigo kwenye mawimbi yao, akahitimisha kwamba ndiyo siri ya watu kupandisha pepo: ngoma inaushika ubongo kwa mdundo wake. Gilbert Rouget, Mfaransa aliyetumia maisha yake kusikiliza muziki wa Afrika Magharibi, alimjibu vizuri: ingekuwa hivyo, nusu ya Afrika ingekuwa imepandisha mwaka mzima. Nani hapa hajapita karibu na ngoma akaendelea na safari yake sokoni? Wapiga ngoma wenyewe, wanaopiga kwa nguvu kuliko wote, mara nyingi ndio wa mwisho kupandisha.

Waliokua karibu na ngoma za pepo wanajua zinavyokwenda. Fundi anamtazama kiti wake, yule anayepandwa na pepo. Anajaribu wimbo huu, hakuna kitu. Anabadilisha, wa pepo mwingine, mapigo mengine. Anaona bega limecheza. Anaukaza huo huo. Kuna udi unafukizwa, kuna ndugu wamekaa, kuna miaka ambayo mtu huyo ameiona ngoma hiyo tangu amebebwa mgongoni. Mambo ya pepo yenyewe si kazi yangu kuyaamulia. Nasema tu kwamba mdundo peke yake haukufanya kazi ile.

Na pumzi. Hili nalijua kwa mkono wangu. Katika kipimo huwa namwambia mtoto apulize karatasi mbele ya pua yake, avute na kupuliza kwa nguvu, dakika tatu. Ikifika ya pili, mistari inapanuka, inakuwa mikubwa na ya polepole, hata kwa mtoto mzima wa afya. Mwenye kifafa cha kuzubaa, anaweza kuzubaa palepale. Tusijaribu hili nyumbani, tafadhali. Pale kuna daktari. Lakini mwenye kukaa kwenye halaka ya zikri, pumzi za watu arobaini zikaenda pamoja, atanielewa ninaposema kwamba mwili unafanya mengi kabla ya sikio. Wala sisemi zikri ni pumzi tu. Aliyekaa pale anamtaja Mola wake, na anajua anamtaja nani.

Jambo la hedifoni, kwa haraka, kisha nimalizie. Wengi mnalala nazo masikioni usiku kucha. Shirika la Afya Duniani linasema kiwango cha desibeli 80 kisizidi saa 40 kwa wiki. Usiku saba wa saa nane ni saa 56. Ukitaka sauti ya kulalia iweke chini kabisa, na ijizime yenyewe baada ya nusu saa.

Kuna wimbi moja sijalitaja. Mtu akiwa katika usingizi wa kawaida, ukigonga mlango, kichwani panatokea wimbi moja kubwa, refu, linakwenda juu na kushuka, kisha ukimya. Tunaliita K. Liligunduliwa Marekani miaka ya 1930, katika maabara binafsi ya tajiri Alfred Loomis. Ubongo umesikia, umejiuliza, umeamua kuendelea kulala. Mwaka 1960 Ian Oswald na wenzake Uingereza waliwasomea watu waliolala orodha ya majina. Jina la mtu mwenyewe lilileta wimbi hilo mara nyingi kuliko majina ya wengine. Walipoirudisha kanda nyumanyuma, sauti zilezile, nguvu zilezile, tofauti ilipotea.

Yule mtoto alirudishwa kwenye vidonge, na daktari akampandishia dozi taratibu. Baada ya miezi minne alikuja kwa kipimo kingine. Daftari la mama lilikuwa na tarehe moja tu. Kipimo kilitaka mtoto alale, naye alikataa kabisa. Nyaya zinawasha, chumba kina baridi ya kiyoyozi. Nikamwambia mama apande kitandani. Akapanda, akakiweka kichwa chenye nyaya 21 kwenye mkono wake, akaanza kumwimbia wimbo ambao nadhani aliimbiwa na mama yake, maana maneno mengine ni ya Kibondei na yeye mwenyewe Kibondei hakijui.

Niliangalia. Alfa ikakatika vipande. Theta ikaingia, ikatoka, ikaingia. Wimbo ukapungua. Zikatokea zile nyuzi nyembamba zinazotuambia usingizi umeshika. Mama hakuwa anaiona skrini hata kidogo, lakini kila mistari ilipochelewa naye alichelewa, na mara mbili alichelewa kabla yake. Mhudumu akagonga mlango kuleta faili, na K ikapanda, kubwa, ikashuka, mtoto hakuamka. Mama akainama akamwita jina lake sikioni, kwa pumzi tu, mimi niliye hatua mbili sikulisikia vizuri. Ikapanda tena.

Kanuni inatutaka tuandike pembeni ya mistari kila kinachotokea chumbani. Nikaandika: saa 5 na dakika 12, mama amemwita.